Bei ya Saa ya Mchukuzi

Njia ya miguu ni kongwe kuliko serikali zote, lakini haina daftari. Barabara ya gari huzaliwa na jina, na namba, na urefu wa kilomita, na fungu la fedha. Njia ya miguu hujizalia yenyewe chini ya nyayo za watu, na aghalabu hufa bila ya kuandikwa. Atakaye kulijua jambo hili lilivyo na aitazame nchi ya Matombo, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, ambako mawe mawili yaliyosimama mlimani, yakifanana na matiti ya mwanamke, yaliipa nchi jina lake kwa lugha ya Waluguru. Barabara itokayo Bigwa, kando ya mji wa Morogoro, hupita Kiroka na Mkuyuni, ikafika Matombo, ikateremka Mvuha, ikaendelea hata Kisaki penye stesheni ya reli ya TAZARA. Hiyo ndiyo ijulikanayo na wenye ramani. Walakini nchi yenyewe haikai barabarani. Inakaa juu, mteremkoni, mahali ambapo gari halikufika wala halitarajiwi kufika.

Migomba, minanasi, mikarafuu, mipilipili manga na midalasini imepanda mlima pamoja na wenyewe. Kutoka nyumba moja hata nyingine ni bonde; katika kila bonde mna kijito, na mwisho wa vijito hivyo ni mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam na watu wasiopata kulijua jina la bonde hata moja. Mwanamke atokaye huko na mkungu wa ndizi kichwani, juu ya kata ya kitambaa, na mtoto mgongoni, huteremka kwa kisigino. Hutanguliza mguu, akaujaribu udongo, ndipo akautia uzito. Kiangazi hilo ni zoezi. Masika, tangu Machi hata Mei, udongo mwekundu huteleza kama sabuni iliyolowa, na zoezi hugeuka kuwa hatari. Kijitoni hukuta ulalo, yaani gogo moja au mawili yaliyolazwa toka ukingo hata ukingo. Maji yakiwa madogo huvuka. Maji yakiwa makubwa huketi akangoja, au huzunguka juu kutafuta pa kuvukia, au hurudi nyumbani na mkungu wake. Na ndizi iliyokwisha kukatwa haina subira kama ya mwenyewe.

Chini, mahali ambapo mlima umepunguza ukali, mzigo huweza kupokewa na kijana mwenye baiskeli. Baiskeli hiyo haikununuliwa ipandwe. Husukumwa: mkono mmoja usukani, mkono wa pili mzigoni, na mikungu imefungwa kwenye keria kwa mipira ya tairi kuukuu hata gurudumu la nyuma haliонekani vema. Baiskeli moja huchukua kwa safari moja mzigo ambao kichwa kimoja kingeuchukua kwa safari tatu au nne. Siku hizi pikipiki imeinyang'anya baiskeli sehemu kubwa ya kazi hii. Lakini baiskeli na pikipiki hukomea mahali pamoja, nao ni pale penye ulalo. Kutoka hapo kwenda juu chombo cha usafiri ni shingo ya mwanadamu.

Sasa ndipo aingiapo mkadiriaji. Kazi yake ni halali, tena ya lazima, kwa kuwa fedha ya umma ni chache na kila kijiji kina haja yake. Mtu asiyetaka makadirio hutaka upendeleo, ingawa huenda hajui kuwa ndilo alitakalo. Basi mkadiriaji huja na swali lililo msingi wa elimu yake: magari mangapi hupita hapa kwa siku? Faida ya barabara, katika hesabu zilizozoeleka, hutokana zaidi na akiba ya mafuta, ya matairi, ya vyuma, na ya saa za waliomo ndani ya gari. Palipo na magari mengi akiba huwa nyingi, na barabara hustahili. Wakaguzi wenyewe waliona kuwa kipimo hiki kinazionea nchi za mashamba, na Benki ya Dunia ikatengeneza hesabu maalumu kwa barabara zipitazo magari machache. Uchache uliokusudiwa ni kati ya magari 50 na 200 kwa siku. Kwenye ulalo wa Matombo hupita magari sifuri. Mtu akizidisha akiba kubwa kupita zote kwa sifuri atapata jibu ambalo hata mtoto wa darasa la tatu analijua.

Ajabu ni kwamba elimu yenyewe ya kukadiria manufaa ya kazi za umma ilianza na madaraja. Mwaka 1844 mhandisi Mfaransa Jules Dupuit, ambaye kazi yake ilikuwa barabara na madaraja, alichapisha makala juu ya namna ya kupima manufaa hayo. Alionyesha kuwa thamani ya daraja si ada ilipwayo na wavukao. Yupo mtu atoaye senti moja ilhali angekuwa radhi kutoa kumi. Zile tisa ni faida yake, ingawa haziingii katika sanduku la mtoza ada. Yupo tena mtu aliyeitazama ada akageuka akarudi. Naye ni hasara, ingawa hakuandikwa popote. Ada ya ulalo wa Matombo haitozwi kwa fedha. Hutozwa kwa hofu, kwa kiuno na kwa saa; na waliogeuka wakarudi ni wengi wakati wa mvua. Dupuit angeuelewa ukingo huo kwa siku moja.

Katika zama hizi kimetokea chombo kingine cha kukokotolea, kilichotengenezwa na ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani, nacho huitwa HEAT. Shabaha yake ni hasa kukadiria thamani ya kutembea na ya kuendesha baiskeli. Hufanya hivi: huchukua watu watakaoanza kutembea au kupanda baiskeli kwa sababu ya njia mpya, hutazama ni vifo vingapi vitaepukwa kwa sababu ya mazoezi hayo, kisha huviandikia vifo hivyo bei. Mtu atembeaye dakika 168 kwa juma huhesabiwa kuwa amepunguza hatari ya kufa kwa asilimia 11 akilinganishwa na asiyetembea, na faida haihesabiwi kupita asilimia 30 hata mtu akitembea kiasi gani. Hesabu hii ni njema kwa mji ambao watu wake hutoka kitini wakaingia garini, wakatoka garini wakarudi kitini. Ipelekwe Matombo, itafanya kichekesho. Mchukuzi wa ndizi humaliza dakika zake 168 kabla jua halijapata ukali, na akiisha kuufikia ule ukomo wa asilimia 30, siku za juma zilizobaki hutembea bure. Huyu hahitaji kushawishiwa atembee. Haja yake ni kutembea kidogo zaidi, au kutembea kule kule bila ya kuanguka, au kuupata mkono wa baiskeli mapema kidogo kabla shingo haijachoka. Chombo kilekile kingempa alama kwa kuzunguka na kumnyima alama kwa daraja.

Hapa mkadiriaji mwenye busara hurudi kwenye saa. Saa inaweza kuhesabiwa hata pasipo gari. Na ichukuliwe mfano, ambao ni mfano tu, wenye tarakimu zilizochaguliwa kwa wepesi wa kuzidisha. Ulalo mmoja, watu 120 kwa siku. Daraja dogo la mawe na njia iliyotengenezwa ngazi na mifereji humwokolea kila mmoja saa moja kwa kwenda na kurudi. Siku 300 kwa mwaka. Hizo ni saa 36,000. Kibarua wa kupalilia, katika mfano huu, hulipwa shilingi 1,000 kwa saa. Kazi yote itagharimu shilingi 90,000,000 na kudumu miaka 20, matengenezo yakiachwa kando. Shilingi ya kesho si sawa na ya leo, kwa hiyo hukatwa. Kwa kiwango cha asilimia 12, ambacho wakopeshaji wa maendeleo wamekipenda kwa muda mrefu, shilingi moja ipatikanayo kila mwaka kwa miaka 20 ina thamani ya leo ya shilingi 7 na senti 47.

Imebaki nafasi moja tupu katika karatasi: bei ya saa. Mwongozo uliotolewa na Benki ya Dunia mwaka 1997 ulipendekeza kwamba, pasipokuwa na vipimo vya mahali, saa ya safari ya kazi ithaminiwe kwa ujira wake, na saa isiyo ya kazi ithaminiwe asilimia 30 ya pato la nyumba kwa saa kwa mtu mzima, na asilimia 15 kwa mtoto. Na pato hilo lichukuliwe kuwa sawa na ule ujira wa kibarua. Mwanamke mwenye mkungu akiandikwa kuwa hayumo kazini, saa zake 36,000 huwa na thamani ya shilingi 10,800,000 kwa mwaka, na daraja kwa miaka yote 20 huwa na thamani ya leo ya karibu shilingi 81,000,000. Gharama ni 90,000,000. Daraja linakataliwa. Mwanamke huyohuyo, mkungu uleule, akiandikwa kuwa yumo kazini, thamani hupanda hata karibu shilingi 269,000,000, mara tatu ya gharama. Hapakuongezeka jiwe wala hapakupungua maji. Lililobadilika ni neno moja katika safu ya karatasi, na neno hilo liliandikwa na mtu aliyekuwa ameketi.

Je, mwanamke huyo yumo kazini au hayumo? Swali hili likiulizwa Matombo watu watamtazama muulizaji usoni wajue kama ana homa. Lakini katika ofisi si swali la upuuzi. Mwenye kushika kalamu anaweza kusema, tena kwa haki, kwamba saa iliyookolewa haigeuki shilingi yenyewe. Kwamba mwanamke huyo hapati ujira wa kuchukua ndizi zake mwenyewe. Kwamba saa ile huenda akaitumia kuketi kibarazani. Hoja hii ina uzito kiasi. Mlimani hakuna kibarua kinachomngoja kila ajapo mapema. Walakini masika, ambayo njia ni mbovu kuliko wakati wowote, ndiyo pia majira ya palizi, na saa iliyopotea kijitoni mwezi wa Aprili huonekana katika ghala mwezi wa Julai. Na hata akiketi kibarazani, mbona mapumziko ya abiria wa gari yamethaminiwa bila ya kuulizwa atayafanyia nini? Uluguru ni nchi ya ukoo wa mama. Ardhi hurithiwa kwa lukolo, na lukolo hufuata tumbo la mwanamke. Ni kinyume kikubwa kwamba katika nchi hiyo mwenye shamba asiwe na bei ya saa mpaka atakapokuwa kibarua katika shamba la mwingine.

Matombo ilikwisha kuona zamani hesabu iliyosahau bei hiyo. Karibu na mwaka 1950 serikali ya Waingereza iliingiza Uluguru mpango wa matumizi ya ardhi, na sehemu kubwa ya mpango huo ilikuwa kuchimba matuta ya ngazi mlimani ili udongo usichukuliwe na mvua. Nia haikuwa mbaya. Udongo ulikuwa ukienda, na mito ilikuwa ikibadilika rangi. Waliokadiria waliuhesabu udongo utakaookolewa na maji yatakayosafika. Siku za jembe za wanaume na wanawake walizichukua kama kitu kisicho na gharama, maana hazikulipiwa. Basi zikadaiwa kwa amri, na asiyechimba akapelekwa barazani. Kumbe siku hizo zilikuwa na gharama: zilitolewa katika palizi, katika mavuno, na katika uuguzi wa wagonjwa. Tena upande wa mashariki, ambako mteremko ni mkali na udongo mzuri ni ngozi nyembamba tu, kuchimba ngazi kulileta juu udongo usiozaa. Mwezi wa Julai 1955 watu wa Matombo walisimama. Zikatokea ghasia, polisi wakafyatua risasi, mtu akafa. Baada yake mpango wa ngazi za lazima ukaachwa. Hapana shaka siasa ilikuwamo, kwa kuwa chama cha TANU kilikuwa kimezaliwa mwaka uliotangulia na maneno yake yalikuwa yakipanda mlima. Lakini siasa hupata kuni mahali ambapo hesabu imeziacha.

Si kwamba Tanzania haikujaribu kuhesabu vinginevyo. Tangu mwaka 1985, Makete, katika nyanda za juu za kusini, ulifanywa mradi wa usafiri wa vijijini kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani. Kabla ya kujenga, watafiti waliziuliza nyumba zenyewe watu wanakwenda wapi na wanachukua nini. Jibu liliwapindua wapangaji. Sehemu kubwa ya safari haikuwa ya mjini wala ya barabarani. Ilikuwa ya kisimani, ya kuni, ya shambani na ya mashine ya kusaga, ndani ya kijiji na jirani yake, kwa miguu. Na mchukuzi mkubwa alikuwa mwanamke. Kwa hiyo njia za miguu na madaraja madogo yakaingizwa katika mradi, na punda pia. Miaka ya 1990 mji wenyewe wa Morogoro ulikuwa mmoja wa miji minne ya Tanzania na Kenya iliyochaguliwa kujaribu njia za waendao kwa miguu na kwa baiskeli; wengine walikuwa Temeke ya Dar es Salaam, Nairobi na Eldoret. Kutokana na majaribio hayo Marius de Langen na Rustica Tembele walitoa kitabu cha mwongozo mwaka 2001. Yaani elimu hii ilikwisha kufika chini ya mlima. Kilichobaki ni kupanda.

Mbali na hapa, Nikaragua, Wyatt Brooks na Kevin Donovan walivifuata vijiji vilivyotengwa na mito ya mafuriko ya ghafula, vingine vikijengewa madaraja ya miguu na vingine visijengewe kwa kuwa kingo za mto hazikufaa. Utafiti wao, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kuwa pasipo daraja mafuriko yalipunguza pato la vibarua kwa asilimia 18, na penye daraja upungufu huo ulitoweka. Lakini lenye kufundisha zaidi lilitokea mashambani, hata siku ambazo hakukuwa na mafuriko: watu walianza kununua mbolea zaidi. Mashaka yalikuwa yameondoka. Hii ni faida ambayo saa haiwezi kuishika. Mkulima asiyejua kama mto utampisha hupanda kitu kinachoweza kungoja. Pilipili manga na karafuu zilizokaushwa zinaweza kungoja, nanasi haliwezi. Yamkini mtu akitazama vizuri mashamba ya ng'ambo ya kijito kikali atasoma hofu ya mwenye shamba katika safu za mimea.

Mtetezi wa njia za miguu naye ajihadhari, kwa kuwa mapenzi huhesabu vibaya kama dharau. Njia ikitengenezwa, dalali hupanda karibu zaidi na bei ya mkungu shambani hupanda pamoja naye. Mtu akijumlisha bei hiyo iliyopanda, kisha akajumlisha na saa zilizookolewa katika kuuteremsha mkungu uleule, amehesabu faida moja mara mbili. Vilevile asiandike kuwa daraja limemwokoa kila mama mjamzito na kila mtoto wa shule kijijini. Aandike wale ambao mto uliwazuia. Hesabu ya kweli inatosha. Mawe Uluguru hayanunuliwi mbali, na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa mwaka 2017, imekwisha kujenga madaraja ya mawe katika mikoa kadhaa, Kigoma ikitangulia, kwa gharama ndogo kuliko ya zege na nondo. Gharama ikishuka, hata saa ya bei rahisi huanza kulivusha daraja katika karatasi.

Linalosalia ni kuhesabu watu, nalo linaonekana jepesi kuliko yote. Mhesabuji hukaa kando ya njia na karatasi yenye safu: lori, gari dogo, pikipiki, baiskeli, mwenda kwa miguu. Desturi ni kuanza saa kumi na mbili asubuhi na kufunga saa kumi na mbili jioni. Siku ya gulio, mwanamke wa juu huamka saa tisa za usiku, kwa kuwa mwenye kuwahi ndiye apataye bei, na saa kumi na moja amekwisha kuupita ulalo, taa ya simu ikiwa mkononi na mkungu ukiwa kichwani. Mhesabuji afikapo hukuta pametulia. Hufuta umande kwenye jiwe, huketi, huandika tarehe na jina la mahali juu ya karatasi, na mbele yake, katika tope la ukingoni, nyayo zimejaa toka upande huu hata upande wa pili, zote zikielekea chini, na vidole vimezama kuliko visigino.